Kigoda Mbele ya Skrini

Mgeni aliingia bila kupiga hodi. Alikuwa mwanamke mrefu, begi zito mgongoni, simu iliyozimika mkononi. Mogesi alikuwa anafagia studio yake ya picha pale Turwa. Aliinua kichwa akamtazama. Hakuwa mtu wa mtaa ule.

"Habari ya asubuhi, dada. Stima iko? Simu imenifia kabisa."

Kwa namna alivyosema, Mogesi alijua ametokea ng'ambo ya mpaka.

"Umeme upo. Chomeka pale ukutani, ukae kwenye benchi."

Mgeni alichomeka simu, lakini hakukaa. Alisimama upande wa kushoto wa kompyuta akaitazama skrini. Akahamia kulia. Akasimama kwa ncha za vidole. Halafu akachuchumaa mpaka kidevu kikawa sawa na meza, akatazama kwa kuinua macho.

Mogesi aliacha kufagia.

"Mama, umeangusha kitu?"

"Hapana. Naangalia huyu mama aliye kwenye skrini yako. Ana rangi ngapi?"

Damu ilimchemka Mogesi. Kati ya maswali yote ya duniani, hilo ndilo hakutaka kulisikia asubuhi ile.

"Ana moja," alisema. "Na kama umetumwa uje kunicheka, chomoa simu yako uende."

Mgeni alisimama haraka. "Aki, sijatumwa na mtu! Naitwa Akello. Mimi ni fundi wa televisheni na skrini za kompyuta. Natoka Migori, naenda Mugumu kufunga televisheni kwenye nyumba ya wageni. Gari limeniacha, lingine ni saa sita. Ni mazoea ya kazi tu, dada. Nikiona skrini lazima niizunguke."

Mogesi aliegemea ufagio. Hasira ilianza kushuka, ikabaki huzuni. Na sababu ya huzuni ile ilikuwa pale pale chumbani, imeegemezwa ukutani, uso ukitazama matofali. Ilikuwa picha kubwa yenye fremu.

"Igeuze uione," alisema. "Halafu uniambie nimekosea wapi. Mimi nimefikiri usiku kucha, sijapata."

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Mzee Nyangwine alikuja kutoka Susuni na wanawe watatu. Alileta picha ndogo ya mkewe, marehemu Agatha. Ilikuwa picha pekee iliyobaki. Ilijaa mikunjo, na unyevu ulikuwa umekula pembe zake. Mzee alitaka isafishwe na kukuzwa. Padri angekuja kubariki msalaba wa kaburi, na picha ya Agatha ingesimama mbele ya watu wote. Baadaye ingetundikwa sebuleni, wajukuu wamjue bibi yao.

Mzee hakukaa kwenye benchi. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, kile cha miguu mitatu, kilichong'aa kwa kukaliwa. Alikiweka sakafuni kando ya meza, akakaa, akalaza fimbo magotini. Wanawe walisimama nyuma yake. Mogesi alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya kompyuta na kuanza kazi. Alifuta mikunjo mmoja mmoja. Alirudisha shanga za shingoni.

"Mbona umemweka gizani?" mzee aliuliza kutoka chini.

"Wapi, tata?" Mogesi aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Usoni. Macho yake siyaoni. Ongeza mwanga."

Mogesi alitazama skrini. Yeye aliyaona macho ya Agatha vizuri kabisa, na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo. Lakini mzee alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka arobaini. Yeye Mogesi hakuwahi kumwona hata siku moja. Angembishia vipi? Na kumwambia mzee wa rika lile ainuke kwenye kigoda chake, asogee hapa, asimame pale, hilo hata halikumjia akilini. Aliongeza mwanga.

"Bado. Ongeza."

Akaongeza.

"Kidogo tena, binti yangu. Haya. Sasa namwona."

Picha ikachapwa, ikawekwa fremu. Siku moja kabla Akello hajaingia, Jumanne, mzee alikuja kuichukua. Mogesi aliiondolea kitambaa kwa furaha. Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama Agatha, tata."

"Huyu amepakwa unga!" Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Mke wangu alikuwa mweusi wa kung'aa, kama chungu kipya kilichopakwa mafuta. Wenzake walipaka madawa ya kuchubua ngozi, yeye akawakatalia. Mpaka anakufa hakuichubua ngozi yake. Leo wewe unamchubua akiwa kaburini!"

Mzee aliinuka, akachukua kigoda na fimbo.

"Jumamosi tutaweka msalaba bila picha. Basi."

"Hapana, tata." Mogesi alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Jumamosi, kabla padri hajafika, nitakuletea mama Agatha na ngozi yake. Picha nitaileta kwa mkono wangu mwenyewe mpaka Susuni."

Mzee alisimama mlangoni. Hakugeuka.

"Padri anafika saa nne," alisema. "Nitakungoja. Usipokuja Jumamosi, usije siku nyingine."

Hayo yote Mogesi alimweleza Akello, na alipomaliza alipangusa macho kwa kiganja.

Akello aliishika ile fremu, akaitazama. Akaitazama na skrini, ambapo Mogesi alikuwa amerudisha picha ya kwanza, kabla haijaongezwa mwanga.

"Kigoda cha mzee kilikuwa wapi?"

"Hapo ulipochuchumaa."

"Kuja ukae hapo. Chini kabisa."

Mogesi alikaa sakafuni. Aliinua macho kwenye skrini. Uso wa Agatha ulikuwa umezama. Palipokuwa na macho palikuwa na mashimo meusi. Kitambaa chake chekundu kilikuwa kama matope. Mogesi alisimama: Agatha akarudi, macho na kicheko chake. Akakaa: Agatha akapotea.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mzee alikuwa anasema kweli."

"Na wewe ulikuwa unasema kweli. Mwongo ni huyu." Akello aligonga fremu ya skrini kwa kidole. "Umempata wapi?"

"Kuna ofisi ilifungwa hapa mjini. Waliuza vitu vyao."

"Basi sikiza." Akello alivuta benchi akakaa. "Ndani ya kila skrini kuna kioo kinachotengeneza picha. Sisi mafundi tunakiita paneli. Kwa nje skrini zote zinafanana, lakini paneli ni za aina mbalimbali. Hii yako ni TN. Ni ya bei ya chini na inabadilisha picha upesi sana. Wanaocheza michezo ya kompyuta, ya mbio na ya kupigana, wanaipenda. Karani anayeandika barua peke yake, akikaa sawa mbele yake, haimsumbui. Lakini ukiitazama kutoka chini, inaingia giza. Ukiitazama kutoka juu, inapauka. Ukiwa pembeni, rangi zinageuka."

"Kwa hiyo ni mbovu?"

"Si mbovu. Haijaharibika popote. Haifai kwa kazi yako tu. Wewe unauza nini?"

"Nyuso za watu," Mogesi alisema.

"Nyuso za watu. Na wateja wako wanakuja wangapi?"

Mogesi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hapa kwetu? Picha ya mtu mmoja wanakuja kuichagua sita. Mama huku, shangazi kule, wengine mlangoni."

"Basi kila mmoja amekuwa akiona picha yake. Hamjawahi kubishana hapa?"

Wamewahi! Mogesi alikumbuka harusi ya mwezi wa sita. Mama wa bwana harusi, aliyekaa pembeni karibu na ukuta, alisema gauni ni la kijivu, dada zake walioketi mbele wakasema ni la zambarau. Walinuniana hadi wakaondoka kwa pikipiki tofauti. Mogesi alidhani ni ugomvi wao wa zamani.

"Kuna njia isiyo na gharama," Akello aliendelea. "Mwambie kila mteja aje akae hapa kwenye kiti chako, macho yake yawe sawa na katikati ya kioo. Mmoja mmoja."

Mogesi alikitazama kiti kirefu. Alimfikiria Mzee Nyangwine na mgongo wake, akikipanda kama mtoto anayepanda kitanda cha wakubwa, wanawe wakimshika makwapani.

"Hapana," alisema. "Mimi sitamwondoa mzee kwenye kigoda chake. Skrini ndiyo itakayoondoka."

Akello alimtazama, akatabasamu taratibu. "Wewe nimekupenda. Basi nikueleze utafute nini."

Alieleza mpaka simu yake ikajaa. Alisema kuna paneli inayoitwa VA. Hiyo weusi wake ni mzito, na ni nzuri kwa mtu mmoja anayetazama filamu kwenye chumba chenye giza. Lakini ukisogea pembeni, rangi za giza zinapauka, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza. Kuna IPS. Hiyo rangi zake hazibadiliki sana, ukae mbele, pembeni au chini. Ubaya wake ni kwamba chumba kikiwa giza totoro, weusi wake unaonekana kama majivu. Na kuna OLED, ambayo kila nukta inajiwashia mwanga wake. Rangi zake ni tamu kutoka kila upande.

"Basi ninunue hiyo," Mogesi alisema.

"Bei yake itakutoa machozi. Tena picha ile ile ikikaa pale pale kutwa nzima, siku baada ya siku, inaweza kuacha alama isiyofutika. Wewe vitufe vya programu yako vinakaa pale pale toka asubuhi hadi jioni. Kwako ni IPS."

"Ya ukubwa gani?"

"Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Ishirini na saba inatosha familia nzima kuona. Lakini usinunue ukubwa mtupu. Picha ni nukta ndogo nyingi. Ukichukua nukta za skrini ndogo ukazitandaza kwenye kubwa, nazo zinakuwa kubwa. Picha inakuwa kama sweta iliyofumwa kwa uzi mnene. Kwa inchi ishirini na saba, tafuta namba hizi." Aliandika kwenye karatasi: 2560 × 1440. Kisha akachungulia nyuma ya kompyuta. "Mashine yako inaziweza. Nimeangalia."

Saa sita ikakaribia. Akello alivaa begi lake.

"Muuzaji atakwambia maneno mengi. Wewe beba picha yako kwenye flashi. Mwambie awashe. Uizunguke kama nilivyoizunguka hii. Usikubali neno lake, kubali macho yako."

Akaondoka, na Mogesi hakumwona tena.

Jioni, Mogesi alimwambia mumewe Emanueli. Emanueli alikuwa fundi mwashi. Alikuwa anaosha udongo wa saruji mikononi.

"Mrudishie mzee fedha zake, yaishe," alisema.

"Hayaishi hivyo. Atarudi Susuni na fedha, lakini mke wake hatakuwa naye."

Walikuwa wameweka akiba ya kuezeka jiko upya. Mvua ikinyesha, Mogesi alipika akiwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Wote wawili waliijua akiba ile, na hakuna aliyetaka kuitaja kwanza.

"Jiko linavuja juu ya kichwa changu, siyo chako," Mogesi alisema mwisho. "Niache niamue nilowe mwaka mwingine."

"Haya. Lakini kama tunanunua, tununue lile liskrini kubwa lililopinda. Lile lililo dirishani kwa Malimi! Watu wakipita barabarani waseme, hii ndiyo studio. Na mpira je? Jumapili utaniona nimekaa hapo."

"Tutaona," Mogesi alisema. Kisha akaenda chumbani, akachukua kigoda cha marehemu baba mkwe, akakiweka karibu na mlango.

"Hicho cha nini?"

"Cha kununulia skrini."

Malimi alikuwa mtu wa Geita. Alikuja mkoani Mara kufuata dhahabu. Baada ya miaka miwili mashimoni aliona televisheni zinalipa zaidi ya mawe. Alikuwa mcheshi, na sauti yake ilifika barabarani. Alhamisi asubuhi alimwona Emanueli akiingia, nyuma yake Mogesi na kigoda kwapani.

"Karibu, mura, karibu kijana! Karibu, mama! Viti tunavyo, mbona mmekuja na chenu? Au mmehamia?"

Wateja wawili waliokuwa dukani wakacheka. Mogesi alihisi masikio yakiwaka, lakini hakukificha kigoda.

"Shikamoo zangu nitatoa baadaye," alijibu. "Nataka skrini ya kompyuta, kubwa. Ya kazi ya picha."

"Umefika!" Malimi alinyoosha mkono kama mtu anayemtambulisha bibi harusi. "Hii hapa. Inchi thelathini na mbili, imepinda, inakukumbatia. LED hiyo! Ukishasikia LED, maneno yamekwisha."

"LED ni taa ya nyuma," Mogesi alisema. "Karibu zote zinayo siku hizi. Mimi nakuuliza paneli yake ni ya aina gani."

Malimi aliigeukia skrini. "Paneli?"

"Kioo cha ndani. Ni TN, ni VA au ni IPS?"

"Mama, hiyo ni ya kisasa. Ya kisasa haina mambo hayo."

"Soma kwenye boksi."

Malimi aligeuza boksi, akalisogeza machoni, akalisogeza mbali. Lilikuwa limeandikwa VA. Mogesi akampa flashi. Agatha akatokea kwenye kioo kilichopinda, mkubwa, mweusi, anacheka. Hata wale wateja wawili wakasogea.

"Unaona?" Emanueli alisema kwa furaha. "Si nilikwambia!"

Mogesi aliona. Ilikuwa nzuri kweli, na moyo wake ulivutwa. Kisha akaweka kigoda sakafuni upande wa kulia, chini kidogo, kama mzee alivyokaa, akakaa katikati ya duka la Malimi.

"Jamani, sasa tunaanza kikao cha ukoo," Malimi alisema, na kicheko kikajaa duka zima. "Mwenyekiti amekaa! Leteni pombe!"

"Chekeni," Mogesi alisema. "Mkimaliza, njooni mkae hapa."

Kutoka pale chini, mashavu ya Agatha yalikuwa yamepauka. Hakuwa amezama gizani kama kwenye skrini ya zamani. Alikuwa amepakwa majivu. Mogesi aliinuka, akamvuta mumewe mkono, akamkalisha. Emanueli alitazama. Furaha ikamtoka usoni taratibu.

"Anabadilika," alisema.

"Kwa mpira peke yako, hii ni nzuri," Mogesi alimwambia. "Kwa mama Agatha, hapana."

Ya pili ilikuwa inchi ishirini na saba, yenye taa nyekundu nyuma, ya michezo ya kompyuta. Malimi aliisifia kwa wepesi. Mogesi alikaa kigodani mara moja tu, akainuka. TN. Giza lile lile alilolijua.

Ya tatu ilikuwa kwenye kona, imefunikwa vumbi. Haikupinda. Haikuwa na taa za rangi.

"Hiyo imekaa hapa toka Pasaka," Malimi alisema. "Haina mvuto. Mimi sikushauri."

"Iwashe."

Boksi lilisema IPS. Lilisema pia 2560 × 1440. Mogesi hakulisikiliza boksi. Alisimama mbele. Akaenda kushoto mpaka ukutani. Akaenda kulia mpaka mlangoni. Kisha akakaa kwenye kigoda na kuinua macho.

Agatha alikuwa pale. Macho yake yalionekana. Kitambaa chake kilikuwa chekundu. Na ngozi yake ilikuwa nyeusi, inang'aa.

Malimi alikuwa ameacha kucheka. Alisogea, akasema kwa sauti ndogo, "Hebu nipishe hapo, mama." Akakaa kwenye kigoda, mtu mzima na tumbo lake, akatazama skrini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akarudia.

"Miaka minne nauza hivi vitu," alisema. "Hakuna aliyenifundisha kukaa chini."

"Nionyeshe skrini nzima ikiwa nyeupe, halafu nyeusi," Mogesi alisema. "Nataka kuona kama kuna nukta zilizokufa, zisizowaka. Na nataka risiti na karatasi ya dhamana."

"Mama, wewe ni mwalimu?"

"Mimi ni mpiga picha. Futa hilo vumbi."

Ijumaa Mogesi alifanya kazi kutwa. Skrini mpya ilikuja na mwanga mkali mno wa kuvutia wanunuzi. Alichukua karatasi nyeupe ya kuchapia, akaishika kando ya kioo, akapunguza mwanga hadi weupe wa skrini ukakaribia weupe wa karatasi. Aliisogeza meza mbali na dirisha ili jua lisigonge kioo. Akachapa picha ndogo ya majaribio, akaipeleka nje mchana kweupe, akailinganisha na ile picha ya zamani aliyokuwa ameachiwa na mzee. Haikutosha. Akarudi. Akachapa nyingine. Mara ya tatu alimwita Emanueli, akamkalisha kigodani kwanza, kisha akampa karatasi mkononi.

"Wa kwenye skrini na wa kwenye karatasi, wanafanana?"

Emanueli alitazama huku na huku. "Ni mtu mmoja," alisema.

Saa kumi na moja jioni simu iliita. Alikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari pale mjini. Mahafali ya kidato cha nne yalikuwa kesho. Mpiga picha wao alikuwa ameugua ghafla. Wanafunzi mia moja na ishirini, kila mmoja na picha yake, na wazazi pia.

"Uwe hapa saa mbili asubuhi, mwalimu anakungoja," alisema. "Ukikubali sasa, na mwaka kesho ni wewe."

Mogesi alijua kazi ile ni nini. Ilikuwa jiko zima, bati na mbao zake, na kitu kikabaki.

"Saa saba mchana naweza," alisema.

"Saa saba watoto wamekwenda nyumbani. Fikiri, unipigie."

Emanueli alikuwa amesikia yote. Alikuja akasimama karibu naye. "Wewe nenda shuleni. Picha ya mzee nitaipeleka mimi. Nitaifunga vizuri, nitamsalimia vizuri, nitamwambia umebanwa na kazi."

Ilikuwa njia rahisi, na haikuwa mbaya. Mogesi aliifikiria kwa muda wote aliokuwa akifunga fremu kwa kitambaa. Aliufikiria mgongo wa mzee pale mlangoni.

"Nilimwambia kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Sikumwambia kwa mkono wa Emanueli."

"Mzee hatakumbuka neno dogo kama hilo."

"Mimi nalikumbuka."

Akampigia mkuu wa shule, akasema hapana, akashukuru.

Jumamosi alfajiri mvua ilinyesha. Jikoni Mogesi alichemsha chai, mfuko wa plastiki kichwani, matone yakigonga sufuria. Hakulalamika. Emanueli alimsindikiza mpaka barabarani, akamshikia mwavuli.

Pikipiki ilimfikisha mahali ambapo barabara ya Susuni iligeuka tope. Dereva akagoma. Mogesi alivua viatu, akaikumbatia fremu kifuani, akatembea. Saa tatu na nusu aliingia kwenye boma la Mzee Nyangwine, miguu imepakwa udongo hadi magotini. Turubai lilikuwa limefungwa. Watu walikuwa wameanza kukaa. Mbele, karibu na msalaba mpya, kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na mshumaa. Juu yake hapakuwa na kitu kingine.

Mzee alikuwa ameketi kando ya meza ile, kwenye kigoda chake. Aliiona miguu ya Mogesi kabla ya kumwona uso.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba."

Mogesi hakuiweka picha mezani. Alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akaifunua, akaishika sawa na macho ya mzee.

Mzee Nyangwine alitazama. Wanawe walisogea, wakasimama nyuma yake, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja katikati. Mzee alinyoosha kidole kikavu, akakipitisha juu ya kioo, kwenye shavu.

"Hakuchubua ngozi yake," alisema.

"Hapana, tata. Hakuichubua."

"Na macho yake nayaona."

Mfukoni mwa Mogesi simu ilianza kuita. Alijua ni mkuu wa shule, bado hajapata mpiga picha. Ilikuwa nafasi ya mwisho, labda mwalimu alikuwa bado getini anangoja, labda pikipiki ingeweza kuwahi. Simu iliita, ikanyamaza, ikaita tena.

"Simu yako inalia, binti yangu," mzee alisema.

"Iache ilie, tata," Mogesi alisema, na mikono yake iliyoshika picha haikutikisika. "Mtazame mpaka utosheke."